Siku Mtani Alipovaa Koti la Baba

Shikamooni wazee wangu. Waislamu wenzangu, asalaam aleikum, na majirani zetu wa kanisani nawasalimu pia, karibuni tukae pamoja. Kipaza sauti sitakitumia, mnisamehe. Kinakoroma kuliko mimi, na mnajua sauti ninayo.

Mwenyekiti wa kitongoji ameniomba nisimame baada ya tangazo kusomwa. Tangazo mmelisikia. Masika haya mvua itakuwa kubwa kuliko kawaida, upepo utakuwa mkali, mito itajaa, na sisi wa milimani tujihadhari na udongo kuporomoka. Limesomwa vizuri, na tumepiga makofi. Nilikuwa nimekaa pale najiuliza, jamani, hawa wanapigia makofi nini? Halafu nikasikia mtu huko nyuma anamnong'oneza mwenzake, "Kila mwaka wanasema hivyohivyo." Sitakutaja. Nami niliwahi kusema maneno hayohayo, mkono wangu uko kwenye karai la vitumbua, nikacheka.

Na hili koti nililolishika najua mnaliangalia. Joto lote hili la kabla ya mvua, mwanamke mzima anatembea na koti zito la mwanamume. Litakuja kwenye maneno yangu, tulieni. Majina sitataja, ndivyo tulivyokubaliana, waliomo watajijua wenyewe. Nawe mtani wangu uliyekaa hapo karibu na mlango, leo nakuomba ufunge mdomo mpaka nimalize. Mnamwona anavyotikisa kichwa? Haya, tutaona.

Ndugu zangu, mwaka ule nilikuwa naishi Dumila. Nilikuwa na genge langu pale njia panda, nauza nyanya na vitunguu, asubuhi nakaanga vitumbua, naamka na mabasi ya kwanza ya Dodoma. Nilikuwa sina shida na mtu. Baba akaugua, Mungu akamchukua kabla masika hayajaanza. Nikafunga genge nikaja kuzika, na baada ya kuzika nikabaki, maana mama alikuwa anaingia eda na binti yake ni mimi peke yangu.

Nyumba yetu ya zamani wenyeji mnaikumbuka. Wageni niwaeleze. Ilikuwa bondeni kabisa, chini ya migomba, mto unapita nyuma ya jiko. Ukitaka kuosha vyombo unashuka hatua chache tu. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama. Bibi yake alilima pale, mama yake alilima pale, na kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama, hilo mnalijua. Baba alikuja akaoa, akapewa sehemu akajenga. Kwa hiyo mama alikuwa amekaa ndani ya nyumba aliyojenga mumewe, juu ya udongo wa mama zake, tena mjane aliye kwenye eda ambaye hatakiwi kutoka nje ovyo. Mtu wa namna hiyo unamtoaje?

Siku ya mazishi watani walikuja. Ukoo wa baba na ukoo wa huyu bwana hapa mlangoni ni watani tangu mababu, na mtani wa baba ni mtani wangu. Msiba ukitokea, kazi yao ni vituko, ili wafiwa wasizame kabisa. Wanachukua vitu vya marehemu wanadai fidia, wanalala njiani jeneza lisipite, wanamwigiza marehemu. Na kwa kuigiza, huyu Mungu alimpa. Alikuwa rafiki wa baba tangu wanachunga mbuzi. Basi akaingia, akatoa koti hili msumarini, akalivaa, akachukua na fimbo ya baba, akaanza kutembea uani. Bega moja limeshuka. Kikohozi kile kikavu. Wallahi nilitazama mara mbili.

Halafu akamwita mama. Baba alikuwa mtu wa amri, hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini kitu kimoja alikuwa nacho: alimwita mama "Mwali". Alimwita hivyo alipomuoa akiwa ametoka kuchezwa ngoma, na aliendelea kumwita hivyo mpaka ana mvi na meno yamepungua. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Kila asubuhi wakienda shamba baba anatangulia, hageuki nyuma, anasema, "Mwali, unanichelewesha!" Mtani akayasema maneno hayohayo, mgongo ameupa mlango vilevile. Msiba mzima ulivunjika mbavu. Mama nilimsikia ndani akicheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akapata usingizi.

Mtani akatangaza kwamba koti na fimbo harudishi mpaka apewe jogoo mwekundu. Na akaongeza hivi: "Fanyeni haraka, maana masika haya mto utabeba nyumba hii na majogoo yenu yote, halafu nimdai nani?"

Tulicheka, ndugu zangu. Mwingine alikaa chini kwa kucheka. Kumbe utabiri ulikuwa umeshatangazwa redioni asubuhi ileile, na yeye aliusikia. Alikuwa anasema kweli. Lakini mtani msibani akikwambia nyumba yako inaondoka, unamjibu aondoke yeye kwanza, mnapakuliwa wali, yameisha.

Mvua ikaanza. Mwanzo ilikuwa mvua ya kawaida, ya kupandia, tukafurahi. Kisha ikawa inanyesha haipumziki, tunaanika khanga ndani hazikauki. Mtani akarudi. Safari hii alikuja na shati lake mwenyewe, hana koti wala fimbo, amesimama uani anatiririka maji. Akaniambia, "Mwanangu, redio imerudia tena. Mvua kubwa bado inakuja, na upepo. Mtoeni mama mkapande juu."

Nikamjibu, "Jogoo hatuna, pita hivi!"

Kina mama waliokuwa wanatwanga kisamvu wakaangua kicheko.

"Sikilizeni jamani, sitanii."

Mtani akisema hatanii, si ndiyo tunacheka zaidi? Mama mmoja alimrushia ganda la ndizi. Alitusimamia pale mpaka akachoka, akaondoka hajaaga. Nilimwona akisimama pale kwenye njia ya kupandia, akageuka akautazama mto, akaenda zake. Roho yangu ilinisuta kidogo, maana mtani haondoki bila neno la mwisho. Lakini nilirudi kwenye chungu changu.

Baada ya hapo gari la kipaza sauti likapita barabara ya juu. "Wakazi wa mabondeni mnatakiwa kuchukua tahadhari." Linapita, sauti inakuja na upepo, nusu tunaisikia, nusu haipo. "Wakazi wa mabondeni." Nikamtazama mama, yuko kitandani na tasbihi, wala hakuinua uso. Majirani walianza kupanda mmojammoja, wengine na magodoro kichwani, wengine na kuku. Wakaja shuleni hapahapa, madarasa haya haya. Nikamwambia mama na sisi twende.

"Nenda wewe, wewe huna eda."

Nikamwita sheikh wetu. Alikuja na mwavuli umegeuka nje ndani kwa upepo, akasimama barazani akazungumza na mama pazia likiwa katikati. Akamweleza vizuri kabisa kwamba dini haikumfunga mjane kwenye hatari, kwamba akihofia nafsi yake anaruhusiwa kuhama na eda yake ikaendelea huko aendako. Mama akamshukuru. Sheikh alipoondoka nikasema, "Umesikia? Unaruhusiwa."

"Nimesikia. Amesema naruhusiwa, hakusema nalazimishwa."

Huyo ndiye mama yangu. Nikampigia mjomba, kaka yake, aliyekuwa Gairo, maana kwenye ukoo wetu neno la mjomba ni zito. Huko Gairo jua lilikuwa linawaka, akaniambia tusihangaike, mvua ya mlimani tumeizoea, tutulie eda iishe. Nilitamani kumvuta kupitia kwenye simu nimsimamishe pale jikoni kwetu auone ule mto. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya uji wa ulezi.

Jambo moja nataka mlielewe. Sikuwa nagombana na mama mjinga. Mama alikuwa anajua mto kuliko mimi. Alikuwa anaona kila kitu. Nilimwambia, "Mama, ukifia humu?" Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha, "Nitakuwa nimefia kwangu." Hapo ndipo nilipoogopa. Nilielewa kwamba hatutazami mto mmoja. Mimi natafuta njia ya kuukimbia, yeye hana haja ya kukimbia.

Nikabaki naye. Ningefanya nini?

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Upepo ulitangulia. Uliingia bondeni na kelele ambayo sijawahi kuisikia, ukaipiga migomba yote ikalala upande mmoja, na bati za jiko zikanyanyuka, zikagonga mara mbili tatu, zikaondoka. Niliziona zinapita juu ya mto. Moto wa jikoni ukazimika kwa mvua. Nikakimbilia ndani, nikafunga mlango na komeo, nikasukuma na kinu nyuma yake. Upepo ukawa unapita chini ya mlango, na maji nayo yakaanza kupita.

Halafu nikaanza kusikia mawe. Waliokuwepo wanajua. Mto ukijaa sana husikii maji tena, unasikia mawe yanagongana humo chini, unasikia miguuni kabla hujasikia masikioni. Udongo wa sakafu ulikuwa unatetemeka. Nilimshika mama mkono nikamvuta. Mama si mtu mdogo, na alikuwa amekamata mguu wa kitanda. Nilivuta mpaka nikaanguka. Nikapiga magoti kwenye maji nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwambia, "Kama humtaki tena mtu yeyote aliye hai, niambie basi, na mimi nijue." Mama alikuwa anautazama ule msumari uliokuwa ukining'iniza koti, na msumari ulikuwa mtupu.

Nilikaa chini nikashika miguu yake. Niliamua tufe wote. Nawaambia ukweli, sikuamua kwa ushujaa, niliamua kwa uchovu. Nikaanza kusoma shahada.

Na ndipo nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile kikavu, uani kwetu, katikati ya ule upepo. Mama akainua kichwa. Kikaja tena. Nikaenda mlangoni, nikasogeza kinu, nikafungua kidogo nichungulie. Nikaona mgongo. Koti hili, limelowa limekuwa jeusi. Bega moja limeshuka. Fimbo mkononi. Amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini, ameelekea kwenye njia ya kupandia, hageuki.

"Mwali!"

Mama akaachia mguu wa kitanda.

"Mwali, unanichelewesha! Twende. Twende tafadhali, Mwali, tafadhali."

Ndugu zangu, mama yangu alisimama. Mwanamke niliyeshindwa kumvuta kwa nguvu zangu zote alisimama mwenyewe, akajifunga shuka lake la eda, akachukua tasbihi, akapita mbele yangu kama mtu anayechelewa shamba. Alipofika uani yule mtu hakugeuka, na wala hakumpa mkono, maana alijua mjane yuko eda na yeye si maharimu yake. Alipeleka fimbo nyuma. Hivyo tu, akainyoosha nyuma bila kutazama. Mama akashika ncha yake. Mimi nikamshika mama kiunoni. Tukaanza kupanda.

Nilijua ni nani. Nilijua tangu nilipochungulia, baba nilimzika mimi na macho yangu. Nilitaka kusema, nikaogopa nikitamka jina lake mama ataachia fimbo. Kwa hiyo nikanyamaza, naye akanyamaza, hakutoa sauti yake mwenyewe hata mara moja njia nzima. Alikuwa anakohoa tu. Kila mama alipopunguza mwendo, anakohoa, mama anafuata.

Njia ilikuwa haipo. Ilikuwa tope linateremka, unapanda hatua moja linakurudisha. Mfenesi mkubwa pale kwenye kona ya shamba la jirani uliangushwa na upepo mbele yetu, tukasikia mizizi inavyokatika, tukasimama, akatupitisha chini ya shina lake tukitambaa. Mama anatambaa na tasbihi shingoni, fimbo haiachii. Matawi yalinichana hapa, alama ninayo. Tukafika kwenye uwanja wa shule, kina mama wakatukimbilia na khanga, wakamzunguka mama wakamwingiza ndani. Nilipogeuka yule mwenye koti hakuwepo. Alikuwa amepitia nyuma ya darasa.

Nikasimama nje nitazame chini. Kwanza nilisikia mlima. Ule upande wa juu ya mto uliachia, udongo na miti na mawe vikashuka pamoja, vikaingia mtoni, na mto ukapanda juu ya kila kitu. Nyumba yetu ilisimama kidogo. Niliona paa linazunguka, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu, kisha halikuonekana tena. Na migomba yote, na ardhi ya bibi yake mama, imebaki mawe matupu. Mkipita pale mnayaona.

Mnasema basi, tumepona, alhamdulillahi. Mimi kuanguka kwangu kulikuwa bado.

Kina mama wa kijiji hiki walifanya jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Kwenye kona ya darasa la pili, watu wamejaa, watoto wanalia, walifunga khanga zao kutoka dirishani mpaka ubaoni, wakamtengenezea mama chumba, ili eda yake iendelee. Walikuwa wamelowa, nguo hawana, wakatoa khanga. Uji wakawa wanampitishia chini ya pindo. Akamaliza eda yake humo.

Mimi nilirudi Dumila. Nikafungua genge. Malori yanapita pale usiku na mchana, na kila lori lenye mzigo likipita nasikia mawe. Mguuni, kama siku ile. Nikawa siwezi kukaa chini ya bati upepo ukivuma. Manyunyu kidogo tu, ya kulowesha vumbi, natoka chumbani pekupeku nasimama barabarani nimeshika begi. Wateja wakaanza kunikwepa. Wapo waliosema nina jini, wapo waliosema nimechanganyikiwa kwa kifo cha baba. Nikafunga genge kabisa. Nikarudi huku mlimani kwenye turubai tulilopewa, nikajilaza, sipiki, sichani nywele. Mvua ikianza najifunika uso. Nilikuwa nimetolewa kwenye mto, lakini mimi bado nipo mle ndani na kinu mlangoni.

Muuguzi wa zahanati yetu, Mungu ambariki, hakunicheka. Aliniambia nisikae peke yangu na nisimeze maneno, niyaseme, hata kama nayarudia yaleyale. Ndipo nikaja kwenye hiki kikundi chenu, kina mama, mkawa mnanisikiliza mnachambua mchicha. Niliyarudia mpaka mkayajua kwa moyo, wala hamkunifukuza.

Na huyu hapa mlangoni. Mvua ikinyesha tu, hata ndogo, anapita njia ya juu anaita jina langu. Si salamu, ni jina langu kamili na la baba yangu, halafu anapiga kelele, "Upo? Jogoo wangu mzima?" Mwanzo nilimchukia. Nililala chini ya turubai namlaani kimoyomoyo. Lakini hakuacha. Mvua ikinyesha, anaita. Ikanyesha siku moja akachelewa, nikajikuta nimekaa kitako namsubiri. Alipoita nikajibu. Nikamwambia, "Jogoo tumeshamla!" Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la utani tangu mto ule, na mama aliposikia alitoka nje ya turubai kunitazama.

Kuanzia hapo nikaanza kuinuka. Kijiji kikapiga msaragambo, mkatujengea kule mgongoni mwa mlima, juu ya shule, mbali na mto na mbali na ule mteremko. Siku ya kuhamia tulimkabidhi mtani jogoo wake, mwekundu kama alivyotaka, akamkagua mpaka chini ya mabawa, akalalamika ni mwembamba, ndipo akarudisha koti hili na fimbo. Fimbo anayo mama. Genge langu sasa liko hapa barabarani, nyanya zangu mnazinunua, na wengine mnakopa, leo si siku yake.

Sasa nataka niseme jambo ambalo huyu bwana mlangoni hajawahi kulisikia. Mama ameniruhusu. Mwenyewe amebaki nyumbani, amesema hawezi kukaa kwenye dawati la mtoto akasikiliza habari zake.

Mtani, tangu siku ile unatembea kijiji kizima unajisifu. Unasema wewe ndiye uliyemdanganya bibi yule mpaka akatoka. Hata kwenye harusi unalisema. Juzi ulipita njiani unalisema tena, mimi na mama tuko barazani tunapukuchua kunde. Mama akacheka kidogo. Akaniambia, "Anadhani sikumjua."

Nikaacha kunde. "Ulimjua?"

"Nilimjua alipofungua mdomo. Baba yako aliniita Mwali maisha yetu yote, na hakuwahi hata siku moja kuniambia tafadhali."

Nikamuuliza, sasa kama ulijua si baba, ulitoka kwa nini? Mbona mimi nilikuvuta nikashindwa? Mbona sheikh alikuja, gari likapita, majirani wakakubembeleza?

Akaendelea kupukuchua kunde. Kisha akasema, "Ninyi wote mlikuwa mnaniambia nitoke. Tangu baba yako afe nilikuwa mjane, nilikuwa yule wa kusomwa msibani 'marehemu ameacha mke', nilikuwa mama yako, nilikuwa mkazi wa bondeni. Huyu alikuja kwenye maji yale, na kuogelea hajui, akaniita mimi. Nikaona kama bado kuna mtu ananihitaji njiani, basi niende."

Mtani, usifute macho na kofia, ni chafu.

Nashukuru. Nakushukuru wewe mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kufanya maana ungejivuna. Nawashukuru kina mama wa khanga, sheikh wetu aliyekuja na mwavuli uliovunjika, muuguzi, na mikono yote iliyopiga tofali. Nawashukuru na waliosoma tangazo leo, kazi yao wameifanya, wala siwadharau. Kama wasingesema redioni, mtani asingelijua.

Lakini ndugu zangu, nawaambia nilichojifunza. Tangazo linawaita wakazi wa mabondeni, na hakuna mtu aliyewahi kupewa jina hilo na mama yake. Kila mmoja anasikia anadhani wanaitwa wengine. Sisi tunaokaa juu tusipige makofi tukaenda kulala. Tushuke. Tuwaendee watu milangoni mvua haijaanza, tuwaite kama wanavyoitwa na wanaowapenda, na tukicheka tucheke nao tukiwa tumeshapanda.

Kule chini, ng'ambo ya mawe, imebaki nyumba ambayo mwenyewe hakuja leo. Wote mnamjua. Amefiwa na mkewe, ameambiwa ahame amekataa, anasema kila mwaka wanasema hivyohivyo. Nimetafuta kwa dada zake nikajua marehemu alikuwa anamwitaje. Ndiyo maana nimekuja na koti, nilivae kama mtani siku ile, nikitoka hapa nashuka moja kwa moja, na kule kando ya mto upepo umeshaanza. Hapa sikutaja jina la mtu. Nikifika mlangoni kwake, nitamtaja.